Saini Mbili za Jumanne Moja

3 Aprili

Mume wangu,

Halafu sikumalizia kukuambia habari ya pazia, maana simu ilikatika pale pale patamu. Nimenunua la rangi ya machungwa. Muuzaji alitaka kunipa la kijivu, eti halionyeshi uchafu, nikamwambia mimi ni bibi harusi, nataka pazia linaloonyesha kila kitu. Akanipunguzia bei bila kuombwa. Sasa asubuhi jua likipiga, chumba kizima kinageuka rangi, hata vikombe vyetu viwili. Chako sijakitumia. Nakiosha kila siku, lakini sijakitumia.

Mume wangu. Ngoja niandike tena: mume wangu. Wiki saba sasa na neno hili bado linanitekenya ulimi. Jana kazini, pale kliniki ya meno, mgonjwa mmoja, shavu limevimba kama mpira, aliniuliza nacheka nini na yeye anaumwa jino. Nikamwambia, "Samahani mzee, nimeolewa." Akasema, "Subiri tu, binti. Na wewe utakuja kukalia kiti hiki." Daktari alicheka mpaka akaangusha koleo.

Nikikosa usingizi huwa naipitia siku ya mjomba, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayehesabu kondoo. Mimi kidato cha nne, nimesimamishwa shule kwa kucheka kwenye gwaride, Mwalimu Mkuu kasema nisirudi bila mzazi, na mama kalazwa hospitali. Na wewe mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, kijana mrefu wa kiwandani usiyeongea na mtu. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kukugongea. "Kaka, naomba uwe mjomba wangu kwa saa moja." Ukaniangalia kama mtu anayepima kitambaa, kisha ukaenda kuazima koti la mwenye nyumba. Mikono iliishia karibu na kiwiko! Mwalimu Mkuu akakuuliza, "Wewe ni mjomba wake wa upande gani?" Ukajibu, umekaza uso, "Upande wa mama, mwalimu." Kana kwamba kuna mjomba wa upande mwingine! Nikaanza kucheka upya, ukanikanyaga mguu. Nadhani nilikupenda pale pale, chini ya kiatu chako.

Sasa hili lingine. Nimelizungusha kwa sababu sitaki kuliandika. Bahasha ya ofisi ya uhamiaji imefika. Wamekataa. Wanasema hustahili kuingia nchi hii kuishi nami kwa sababu ya hukumu ya jinai uliyopata huko. Tuna mpaka mwisho wa Mei kupinga, baada ya hapo faili linafungwa.

Nimepata wakili kwenye ofisi ya msaada wa sheria, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huitafuta ya tatu mezani. Anasema ofisi ya huku haiwezi kufuta hukumu ya huko, lakini inaweza kukataa kuitegemea ikionekana kesi haikuendeshwa kwa haki. Anataka nakala ya hukumu, na anataka kujua yote. Akasema pia tuandikiane barua kwa wingi, maana ofisi hupenda kuona ndoa kwa maandishi. Nikamwambia kwa hilo asiwe na hofu.

Uliponiambia wiki moja kabla ya harusi kwamba uliwahi kufungwa kwa wizi usioufanya, nilikuziba mdomo kwa kiganja nikasema nimekuamini, sitaki kujua zaidi. Sasa naondoa kiganja. Niambie.

Mkeo (nalipenda na hili pia),
wa pazia la machungwa


13 Aprili

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma karakana, nimesimama, mikono ina mafuta. Ndiyo maana pembeni kuna alama ya dole gumba. Mpelekee wakili wako, ndoa ina alama za vidole sasa.

Umetaka yote. Nitakupa kwa mpangilio kama ninavyofungua cherehani, skrubu baada ya skrubu.

Kiwandani kwetu kulikuwa na daftari la zamu mlangoni. Kila anayeingia anatia saini. Asiye na saini, siku yake imepotea. Basi sisi tulikuwa tunabebana. Mtu kapatwa na jambo, mwenzake anamtilia saini, kesho naye atalipa fadhila. Hakuna aliyeona ni kosa. Hata msimamizi alijua, alikuwa anageuka kuangalia dirisha.

Mchana mmoja majora thelathini ya kitambaa yaliondoka ghalani. Polisi wakachukua daftari, wakasoma majina matano ya zamu ya ghala, wakatukamata watano. Tulipelekwa mahakamani asubuhi ya siku ya tatu. Hatukuwa na wakili. Hakuna shahidi aliyeitwa. Tulisimama kwenye mstari kama watu wanaosubiri maji. Nilipofikiwa nilisema, "Mimi sikuwepo." Hakimu akainua daftari, akauliza, "Na hii saini?" Nikanyamaza. Karani akaandika. Watano tulimalizwa kabla chai ya saa nne haijapoa. Mwaka mmoja na miezi miwili.

Sikuwepo kweli. Nilikuwa nimetoka kwa shughuli yangu, na mwenzangu akanitilia saini kwa wema. Ana watoto. Ningesema saini si yangu, wangeuliza ni ya nani. Jina lake sitaliandika hapa wala popote.

Nakala ya hukumu sina. Ilipotea nilipohama.

Pazia umefanya vizuri. Mimi hapa bado naukumbuka ua wa nyumba ile, kamba ya nguo ikivuka mlango wangu, na sketi yako ya shule ikinipiga usoni kila nikitoka. Nilikuwa naweza kuinama. Sikuinama hata siku moja.

Usihangaike sana na wakili. Ikishindikana, kuna miaka mingine mbele yetu.

Mumeo,
Mrefu


22 Aprili

Mrefu wangu, mwongo wangu mpendwa,

Naandika nikiwa nimekaa chini, maana kiti kimejaa karatasi. Hukumu "iliyopotea" ilipatikana kwa siku sita. Wakili wangu alisoma na mtu anayefanya kazi masijala ya mahakama ya huko. Ni kurasa mbili. Mwaka mmoja na miezi miwili ya maisha yako kwa kurasa mbili! Yeye alizisoma akigonga meza kwa kalamu. "Hakuna wakili. Hakuna shahidi. Hawakumwuliza alikuwa wapi. Ushahidi ni daftari tu." Kila alipogonga, nilifurahi zaidi, nikaona mlango unafunguka.

Kisha akanipa nisome mwenyewe. Nikafika kwenye tarehe.

Jumanne, tarehe kumi na saba Septemba, kati ya saa saba na saa kumi na moja mchana.

Unafikiri mimi nasahau tarehe? Mimi ninayekumbuka soksi ulizovaa siku ya harusi? Nilisimamishwa Ijumaa tarehe kumi na tatu, wasichana wenzangu walinitania kwa mkosi huo mwezi mzima. Jumanne iliyofuata saa nane mchana ulikuwa umekaa benchi la ofisi ya Mwalimu Mkuu, umevaa koti la mwenye nyumba, ukiwa mjomba wangu wa upande wa mama. Mwalimu Mkuu alituweka pale mpaka saa kumi kwa makusudi, ili nijifunze adabu. Ulitia saini kitabu cha wageni: saa ya kuingia, saa ya kutoka, uhusiano na mwanafunzi.

"Shughuli yangu," umeandika. Mimi ndiye niliyekuwa shughuli yako.

Nililia pale ofisini mpaka wakili akavua miwani zote mbili. Siku zote hizi nimekuwa nikiipitia siku ile nicheke. Kumbe kila nilipocheka, wewe ulikuwa unaijua nusu yake nyingine. Mama aliponiambia umepata kazi mji wa mbali, nilinuna wiki nzima, nikasema huyu hata kuaga hajui. Nikakuandikia barua ya matusi nikaichana. Na wewe ulikuwa ndani.

Kwa nini hukusema? Maneno manne tu: "Nilikuwa shuleni na fulani." Kwa nini hukuniambia hata juzi, usiku wa harusi, tulipokuwa tumekaa kwenye ngazi, mimi na gauni langu, wewe na viatu mkononi?

Wakili anasema tukikipata kitabu kile cha wageni, kesi yetu inasimama kwa miguu miwili. Saini yako shuleni, na saini isiyo yako kiwandani, saa ile ile. Lakini kuna shida, nayo nilipoisikia nilicheka huku machozi yanatiririka. Kitabu kinasema wewe ni mjomba wangu. Cheti cha ndoa kinasema wewe ni mume wangu. "Afisa atataka kujua," wakili akasema taratibu, "kama ombi hili ni la kuunganisha familia au la kuivunjia heshima." Kwa hiyo lazima tuseme ukweli wote: kwamba nilimpeleka shule mlezi wa uongo.

Nimekwisha mwandikia Mwalimu Mkuu. Bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe, wanasema, lakini sauti ni ile ile.

Nijibu upesi. Na aliyekutilia saini ni nani? Niambie.

Mkeo,
ambaye hajui akukumbatie au akufinye


30 Aprili

Mke wangu,

Nifinye.

Sikusema mahakamani kwa sababu ulikuwa umebakiza wiki sita kufikia mtihani. Nilimsikia Mwalimu Mkuu kwa masikio yangu akisema pale ofisini kwamba msichana wa mwaka uliotangulia alileta baba wa kuazima, akafukuzwa kabisa. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa ananiangalia mimi. Ningesema mahakamani nilikuwa wapi, wangekwenda kuuliza shuleni. Wewe ungekuwa nje, na mwenzangu angekuwa ndani. Nikapiga hesabu ya haraka nikiwa nimesimama: nikinyamaza anaumia mmoja. Sikuwa shujaa. Nilidhani watanipa miezi miwili.

Mama yako alikuja kunitazama mara mbili. Mimi ndiye niliyemwomba aseme nimepata kazi mbali. Ulipofaulu alikuja mara ya tatu, akanionyesha matokeo yako kupitia wavu, kidole chake kikifuata kila somo. Hisabati ilikuwa mbaya kidogo, lakini sikusema kitu.

Kwa nini sikukuambia baadaye? Ulipokuja kwenye harusi ya binamu yako ukanikuta karakana, miaka kumi na moja imepita, ukacheka kabla hata hujanisalimia. Nilitaka unipende kwa kicheko kile. Nilijua nikikuambia, utanipenda kwa shukrani, na mwanamke anayeshukuru hawezi kumfokea mumewe kwa uhuru. Mimi nataka kufokewa.

Sasa sikiliza. Mwandikie Mwalimu Mkuu tena, mwambie umekosea. Uliniambia umepata nafasi ya kusomea utabibu wa meno kwa cheti kile kile. Ukikiri kwa maandishi kwamba ulirudi shuleni kwa udanganyifu, nani anajua watafanya nini? Wanaweza kusema hukustahili kukaa mtihani. Sikukaa ndani siku zote zile ili leo uje uichome karatasi yenyewe kwa ajili yangu. Hiyo itakuwa hasara mara mbili.

Na jina la mwenzangu usiniulize. Anakaribia kustaafu. Huwa anakuja hapa na cherehani ya mkewe, tunaongea mpira. Hatujawahi kuitaja siku ile, na tunaelewana hivyo hivyo.

Tuache faili lifungwe. Utakuja likizo, nitakusubiri. Watu wameishi hivyo.

Mumeo,
Mrefu


4 Mei

Kwako shemeji,

Usishangae mwandiko usioufahamu. Mimi ni Pasi. Wananiita hivyo kwa sababu nilinyoosha mashati kiwandani miaka ishirini na mitano, na huyu mume wako alikuwa upande wa ghala, mlango wa pili. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha.

Naanza kwa kukiri kosa dogo, ndipo nije kwenye kubwa. Nilikwenda karakana kuchukua cherehani ya mama watoto. Mrefu alikuwa ametoka kununua sindano. Barua yako ilikuwa imewekwa chini ya cherehani yangu, kipande kimetokeza. Nikaona neno "kiwandani". Shemeji, mimi si mtu wa kusoma barua za watu, lakini niliisoma yote, na nilipomaliza nikairudia.

Aliyemtilia saini ni mimi.

Aliniambia asubuhi, "Pasi, mchana nina udhuru, nibebe." Nikamuuliza udhuru gani, akasema, "Nakwenda kuwa mjomba." Nilicheka, nikajua ni mambo ya vijana. Nikambeba kama alivyonibeba mimi mke wangu alipojifungua. Siku walipokamatwa nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, nikaunguza kola ya shati. Nilisema moyoni, kesho nitakwenda kusema. Kesho yake nikasema kesho. Alipotoka gerezani nilimpelekea viatu. Akavipokea, akaniuliza habari za mpira. Tangu hapo, tunaongea mpira. Shemeji, mimi hata siupendi mpira.

Anadhani ananilinda. Huko ni kunibebesha. Miaka yote hii nimesubiri mtu mmoja tu aniulize, na hakuna aliyeuliza. Wewe umeuliza. Japo hukuniuliza mimi, nimejibu.

Jana nimekwenda kwa kamishna wa viapo, nikaapa kwa maandishi: siku, saa, na jinsi nilivyoliandika jina lake. Nikaweka na mfano wa mwandiko wangu, walinganishe na daftari. Kamishna akaniuliza kama najua naweza kushtakiwa. Nikamwambia, mwanangu, nina miaka sitini kasoro miwili na wanangu wote wamekwisha kuoa. Wakinishtaki, nitapoteza nini? Hati imo ndani ya bahasha hii.

Mrefu hajui. Akijua atanuna. Akinuna huwa anasafisha mashine ambazo hazina uchafu. Muache asafishe.

Mimi shemeji yako,
Pasi


13 Mei

Mume wangu,

Kabla hujasema neno: usimnunie mzee wa watu. Hati yake ya kiapo nimeipokea, nimeibusu, na wakili kaisoma kwa miwani zote mbili. Amesema kwa miaka kumi na minane ya kazi hajaona mtu akijipeleka mwenyewe kwa kosa la fadhila. Ameiweka kwenye faili juu kabisa. Kwa hiyo nenda nyumbani kwake leo, na tafadhali msiongee mpira.

Lakini wakili anasema kiapo peke yake hakitoshi. Afisa atasema, huyu ni rafiki, rafiki huapa chochote. Kinachohitajika ni maandishi ya siku ile ile, yaliyoandikwa na mtu asiyejali kama utafungwa au hutafungwa.

Na Mwalimu Mkuu amejibu. Mistari mitatu, kwa wino mweusi. Kitabu kipo, anasema, shule haitupi vitabu. Hatoi nakala kwa posta. Mwanafunzi aliyehusika afike mwenyewe, na huyo mjomba, aeleze mbele yake, naye ataamua la kufanya.

Ataamua la kufanya! Nilipoisoma nilijikuta nimenyoosha sketi, kama zamani.

Nimeyasoma maneno yako ya kunizuia. Nimeyasoma mara nyingi, na yote ni mazuri, na siyakubali hata moja. Umenisikia? Nakufokea. Kumbe shukrani haizuii kitu, ungeniuliza mapema ningekuambia. Ulipiga hesabu ukiwa peke yako umesimama mbele ya hakimu, nami nakupa haki yako, ulikuwa kijana na hukuwa na wa kumuuliza. Lakini hesabu hii ya sasa ni ya watu wawili, na huwezi kuipiga ukiwa karakana halafu ukaniletea jibu. Mimi nimeipiga hivi: cheti nikinyang'anywa, nitaketi mtihani tena. Nina kichwa, nina kalamu, na hisabati nitajifunza. Chuo cha meno kitakuwepo mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Wewe ukifungiwa nje, nani atanifundisha kuishi na nusu ya mume?

Nimemwambia daktari ukweli wote, maana nafasi ile ya masomo aliniombea yeye. Nilidhani atanikemea. Aliosha mikono muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema, "Mimi nilimpeleka kaka yangu kama baba, darasa la saba. Alikuwa na ndevu mbili." Hakuniahidi kitu kuhusu chuo. Alinipa ruhusa tu, siku tisa kuanzia Jumatatu ijayo.

Ninaogopa, mpenzi. Sitakudanganya, uongo umetutosha. Huenda Mwalimu Mkuu akafunga kitabu akanifungulia kesi. Huenda akatupa nakala na afisa wa huku akaiangalia akasema haitoshi. Wakili anasema tuna nafasi nzuri, lakini anapolisema neno "nzuri" hugusa ubao wa meza. Haya yote nayajua. Ila nikiwaza kwamba tutaketi tena kwenye benchi lile, wewe na mimi, safari hii bila koti la mtu, nikisema kwa mdomo wangu, "Huyu hakuwa mjomba wangu, mwalimu. Huyu alikuwa jirani, na siku ile alikuwa hapa nami tangu saa nane mpaka saa kumi," nahisi miguu inataka kuondoka kabla ya gari.

Vaa shati la kawaida, lile la buluu lenye kifungo kilicholegea. Usikishone, nitakishona mimi. Mwambie mwenye karakana hutakuwepo siku hizo, na mwambie sababu halisi. Asiandike mtu mwingine jina lako popote.

Wakili anataka karatasi mezani kwake tarehe thelathini, kwa hiyo hatuna siku ya kupoteza. Tiketi nimekata leo mchana, na nimeiweka kwenye pochi ninayolala nayo. Nitashuka Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi, na begi moja dogo. Ukikaa mbali na mlango wa kutokea sitakusamehe.

Nakuja, mume wangu. Mwezi huu hautaisha kabla hujaniona.

Mkeo